Pasi ya Nywele Haina Mabawa

Pasi ya nywele haina mabawa. Ukweli huu unafahamika katika saluni zote, hata zile zenye bango lililochorwa kwa mkono. Kwa hiyo siku ile pasi ilipoondoka mezani kwa Madamu, ikakatiza juu ya mteja aliyefumba macho chini ya draya, ikatua kwenye taya ya msusi aliyeitwa Vidole na kung'ang'ania hapo mpaka harufu ikatoka, ilikuwa dhahiri kwamba imerushwa. Lakini taarifa rasmi, iliyotolewa na Madamu mwenyewe kabla maji ya baridi hayajafika, ilisema kwamba Vidole alikuwa ameanguka kwenye jiko, nyumbani kwao, jana yake. Kidonda kilikuwa cha leo na jiko lilikuwa la jana. Taarifa rasmi hazina kawaida ya kujali mambo madogo kama hayo.

Vidole alifukuzwa kazi kwa kosa la kuanguka ovyo. Kituoni alikwenda. Askari alimsikiliza kwa makini mpaka alipotajiwa saluni yenyewe, akakumbuka kwamba mkewe husukwa pale kwa bei ya kirafiki, akaishiwa wino.

Kidonda kilifunga, lakini hakikujua kuacha. Kilipomaliza kupona kikaendelea kupona, kikavimba, kikang'aa, kikatambaa kutoka chini ya sikio hadi karibu na kidevu kama mdudu mnene aliyelala. Kilikuwa kikiwasha mchana na kuvuta ngozi usiku. Vidole alizunguka saluni nyingine kutafuta kazi. Aliitwa Vidole kwa sababu ya kasi ya mikono yake, na kila mwenye saluni alilijua jina hilo.

"Mikono yako dhahabu, mdogo wangu," alisema mmoja, akikitazama kiatu chake mwenyewe muda wote. "Ila mteja anakaa mbele ya kioo. Anataka ajione yeye. Sasa akiinua macho anakuona wewe."

Mwingine alimkubali, kwa sharti kwamba ajifunge mtandio mpaka chini ya macho na asicheke, maana akicheka unashuka.

Basi Vidole akaanza kwenda kwa Madamu kila Jumamosi, siku ambayo saluni hujaa. Alikwenda kama mteja. Alikuwa anapakwa rangi ya kucha, ukucha mmoja, na alilipia ukucha mmoja kwa sarafu zilizokamilika. Aliyempaka aliitwa Kucha, msichana mwembamba ambaye siku ya tukio alikuwa amesimama mlangoni na aliona kila kitu, na tangu siku hiyo hakuwa amesema chochote juu yake. Kucha aliupaka ukucha huo mmoja taratibu kuliko fundi anayechonga mlango wa ikulu. Akimaliza, Vidole alibaki kwenye benchi akisubiri ukauke. Ukucha ule ulichukua asubuhi nzima kukauka.

"Samahani dada," aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akinyooshwa nywele. "Hapo uliungua na nini?"

"Na hiyo," Vidole alisema.

"Hiyo ipi?"

"Hiyo uliyo nayo kichwani."

Mwanamke alimtazama Madamu kwenye kioo, akaitazama pasi. "Nafikiri zinatosha hivi," alisema. "Kwanza zilikuwa zimenyooka tangu nilipotoka nyumbani."

"Msimsikilize, jamani," Madamu alisema, akicheka kicheko chake cha wateja. "Maskini alianguka kwenye jiko. Na akili nayo ikababuka kidogo."

Vidole hakubishana. Alikuwa anataka jambo moja tu duniani, nalo lilikuwa jepesi kulieleza: Madamu aseme kwa mdomo wake mwenyewe, watu wakisikia, kwamba ni yeye aliyerusha. Mpaka atakapolisema, Vidole alikuwa tayari kupakwa rangi ukucha mmoja mpaka uzeeni.

*

Madamu hakungoja uzee. Ilipofika Jumamosi ambayo watu watatu waliomba kusukwa tu bila kitu chochote cha moto, alifunga saluni mapema akaenda nyumbani kwa kina Vidole.

Mama yake Vidole alikuwa anapiga pasi mashati ya watu, kazi iliyolisha nyumba ile. Kaka yake Vidole, fundi wa pancha, alikuwa amekaa kizingitini akisugua mikono kwa sabuni ya unga, akiisugua bila matumaini. Madamu alipewa kiti pekee chenye mgongo. Alikifuta kwanza kwa leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mama, na hakuiweka pasi chini.

"Nimekuja kwa mema. Mtoto huyu nimemlea mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kitana."

"Na kitana alikishika vizuri," alisema Kaka. "Tatizo lilikuwa kwenye kudaka."

Madamu alijifanya hajasikia. Alieleza kwamba amepata daktari bingwa wa kurekebisha makovu, mwanamke, kliniki yenye viyoyozi mpaka chooni. Yeye Madamu atalipa kila kitu: kukatwa, sindano, dawa, hata nauli. Vidole atatoka na shavu lake. Alichoomba ni kidogo. Jumamosi Vidole abaki nyumbani. Na akiulizwa, na daktari au na mtu yeyote, ajibu kwamba ni jiko.

"Jiko gani?" aliuliza Kaka. "La mkaa au la gesi? Tukubaliane mapema, tusije tukapishana mbele za watu."

"Chagueni wenyewe."

"La gesi, basi. La mkaa litatushushia hadhi."

"We mtoto, nyamaza," alisema Mama. Alimgeukia binti yake, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa upande wa kovu, kama alivyozoea siku hizi bila kujua. "Unasemaje, mwanangu?"

"Nataka aseme."

"Akisema utaoteshwa shavu jipya?"

"Aseme tu."

Mama aliisimamisha pasi. "Wiki iliyopita ulirudi kutoka sokoni na nyanya tu, vingine hujanunua. Nikakuuliza, ukasema umesahau. Hujasahau. Muuza nyanya alikuwekea chenji mezani ili asikuguse mkono, nimeambiwa. Mimi siwezi kukulipia daktari wa viyoyozi hata nikipiga pasi nguo za mji mzima. Huyu anaweza. Litamke hilo jiko, mwanangu. Ni neno tu."

Vidole alimtazama Madamu. Madamu alikuwa anatazama saa yake.

"Sawa," Vidole alisema. "Jiko."

Waliomfahamu wangeogopa. Vidole alikuwa mtu wa kuahirisha hasira, wala hakuwahi kuifuta.

*

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vya baridi. Alilibonyeza kovu hapa na pale, akauliza kama linawasha, kama linauma, kama kuna ndugu mwenye makovu ya namna hiyo. Vidole alijibu kwa kichwa. Madamu alijibu kwa mdomo, maswali yake na yasiyo yake.

"Tunataka lifutike kabisa, daktari. Nimesikia kuna leza."

"Kovu halifutiki," alisema daktari. "Si ubao. Linaweza kushushwa, kulainishwa, kufifishwa rangi, hata kufichwa kwenye mkunjo wa shingo ili macho yasilione upesi. Anayekuahidi kulifuta anakuuzia mafuta."

Madamu alikaa vizuri. Yeye aliuza mafuta.

Daktari akaeleza, akimwelekea Vidole na si mlipaji, jambo ambalo Madamu aliliona utovu wa adabu. Makovu bapa huvumilia mengi: vipande laini vya silikoni vya kubandika, leza ya kupunguza wekundu, kukwangua ngozi ya juu. Makovu yanayokaza kiungo huweza kukatwa na kushonwa kwa mstari wa kupinda ili ngozi ipumue, au kupandikizwa ngozi kutoka pajani. Hili la kwake lilikuwa la aina nyingine, lile linalovuka mpaka wa kidonda chenyewe.

"Hili ukilikata tu ukaliacha, litarudi. Na mara nyingi linarudi kubwa kuliko mwanzo, kama limeudhika. Kwa hiyo nitalikata, halafu kila mwezi nitalichoma sindano za kulizuia kuota, na nyumbani utabandika silikoni na kujikinga na jua. Sindano ndizo zenyewe. Ukiziacha katikati, usinilaumu."

"Zinauma?" Vidole aliuliza.

"Sana."

Vidole alimpenda daktari papo hapo.

"Uliunguaje?" aliuliza daktari, akiandika.

"Jiko," alisema Madamu.

Daktari aliinua macho. Alitazama zile kingo mbili zilizonyooka, zenye upana sawasawa kutoka sikioni kuteremka. "Nimemuuliza mgonjwa."

Kiyoyozi kilinguruma. Vidole aliona jinsi Madamu alivyoishika mikanda ya mkoba, kama abiria anayeogopa kona.

"Jiko," alisema. "La gesi."

Daktari aliandika. Kwenye ngazi, wakitoka, Madamu alimpapasa bega Vidole na kumwambia kwamba ni msichana mwenye akili. Vidole akaomba aende chooni, akafungua bomba, akasukutua mdomo mara kadhaa. Neno lile lilikuwa na ladha ya sarafu.

*

Kovu lilikatwa. Mahali pa yule mdudu mnene pakabaki mstari mwembamba wa nyuzi, kisha mstari bila nyuzi. Sindano ya kwanza ilimtoa Vidole machozi bila sauti. Ya pili ilimtoa sauti. Kila alipotoka kliniki alipita dukani kujitazama kwenye kioo cha miwani ya kuuzwa, upande ule ule, na mwenye duka alimwacha, akidhani anachagua.

Na shavu likarudi. Si lile la zamani, lakini shavu la mtu. Muuza nyanya akampa chenji mkononi. Mtoto mmoja njiani alimwangalia akapita zake, na Vidole akasimama katikati ya barabara kwa furaha mpaka mwendesha baiskeli akamtukana. Mwenye saluni yule wa mtandio alimpelekea salamu kwamba nafasi bado ipo, na mtandio sasa ni hiari.

Hapa ndipo Madamu alipofanya kosa ambalo mtu mwenye aibu asingelifanya, na mtu asiye na biashara pia asingelifanya. Alikuwa amelipa fedha nyingi. Kila akimwona Vidole aliona fedha zake zimetulia shavuni kwa mtu mwingine bila kuzaa. Iliuma. Usingizini alikuwa akiliona shavu lile likitembea mjini bure.

Kucha ndiye aliyeleta habari. Alikuja akiwa na vumbi la kucha kwenye kope.

"Ametenga chumba cha nyuma," alisema. "Kona ya Ngozi. Atauza mafuta ya makovu, anayachanganya mwenyewe kwenye ndoo. Na dirishani ameweka picha zako mbili. Ya kwanza una lile kovu, ya pili huna."

"Picha yangu ya kovu kaitoa wapi?" aliuliza Vidole.

"Alikuwa anakupiga Jumamosi zile, ukisubiri ukucha ukauke. Chini kaandika: Aliungua jikoni, tukamrudishia uso wake. Jumamosi hii kuna uzinduzi. Soda na keki. Wewe ndiye mgeni rasmi."

Na kweli Madamu alimpigia simu jioni hiyo hiyo. Hakuomba. Alimsomea maneno ya kusema, akamtaka ayarudie: nilianguka kwenye jiko, nikakata tamaa, Madamu akanishika mkono, nikapaka mafuta yake, hii leo mnaniona. Sindano hazikutajwa. Daktari hakutajwa.

"Na sindano zilizobaki?" aliuliza Vidole.

"Zimebaki ngapi sijui, ila zinalipiwa na mimi," alisema Madamu kwa upole. "Ukisema vizuri, zitalipiwa vizuri."

Nyumba ya kina Vidole ikawa bunge. Mama hakupiga pasi jioni hiyo; mashati ya watu yalikaa yamekunjamana kama wapiga kura.

"Meza tu," alisema Mama. "Umeshameza kubwa, meza na hili dogo. Sindano zikiisha, nenda kasimame juu ya paa la saluni yake, useme mpaka ukaukwe na koo. Nitakuletea maji mwenyewe."

"Zikiisha nani atanisikiliza? Watasema kwenye uzinduzi ulikuwa unamshukuru huku unakula keki."

"Daktari kasema litarudi kubwa."

"Nimemsikia daktari."

"Sasa?"

Kaka alikuwa akichokonoa tairi la baiskeli. "Mimi nilitaka kwenda kumvunjia vioo siku ya kwanza kabisa," alisema mwishowe. "Mkanikataza. Sasa hivi hili jambo lingekuwa limeisha, na mimi ningekuwa ndani, natulia."

"Hakuna anayevunja kitu," alisema Vidole. Aligusa taya. Ilikuwa laini. Alikuwa ameizoea kwa haraka ya kutisha, kama mtu anavyozoea mto wa hotelini. "Ninalipenda shavu langu, Mama. Usidhani silipendi."

Mama akajua kwamba bunge limevunjwa.

*

Siku ya uzinduzi saluni ilipambwa kwa maputo. Keki ilikuwa na umbo la uso wa mwanamke, na mwokaji alikuwa amejitahidi kwenye pua kupita kiasi. Wanawake walijaa mpaka barazani: wateja wa zamani, wateja wa jirani, mke wa askari, na wengine waliofuata soda. Wawili walikuwa wamekaa vitini kabisa, mmoja kichwa nusu kimesukwa, maana Madamu hakuona sababu ya kusimamisha kazi kwa ajili ya sherehe. Mama na Kaka walisimama karibu na mlango. Mikebe ya mafuta ilipangwa mezani, ikitoa harufu ya limau na kitu kingine.

Madamu alivaa nguo inayong'aa. Alimshika Vidole begani na kumgeuza kwa watu, upande wa kushoto, upande wa kulia, kama fundi anayeonyesha kabati. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliomba kugusa. Madamu akamruhusu, bila kumuuliza mwenye shavu.

"Sasa atasema mwenyewe," alitangaza Madamu. "Sema, mwanangu. Usiogope."

"Siogopi," alisema Vidole.

Alisimama vizuri. Sauti yake ilikuwa ya heshima, ya mwanafunzi anayesoma shairi mbele ya mkaguzi.

"Nilianguka kwenye jiko," alianza, na Madamu akatikisa kichwa kwa ridhaa. "Jiko lenyewe lilikuwa hapo mezani. Ni jiko jembamba, lina waya mrefu na mpini wa waridi. Mnalijua, wengi wenu lilishapita vichwani mwenu. Mimi nilikuwa nimesimama hapa. Madamu alikuwa pale, karibu na kioo cha mwisho. Jiko likaniangukia kutoka kule mpaka hapa. Lilikuja kwa ubavu."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule wa nusu kichwa aligeuka polepole kutazama kioo cha mwisho, akapima kwa macho.

"Ametingwa na furaha," alisema Madamu. "Sema kuhusu mafuta."

"Mafuta sijapaka. Haya nayaona leo. Mimi nilikatwa na daktari, na nachomwa sindano kila mwezi, zinauma hadi kisigino. Madamu ndiye anayelipia, na tulikubaliana kwamba akilipa niseme ni jiko. Nimelisema kwa daktari, nimelisema mtaani, nimelisema na hapa. Kama mtu ana swali kuhusu hilo jiko, mwenye jiko huyu hapa."

Alimgeukia. Watu wote wakamgeukia. Kilikuwa kitu kidogo tu kilichobaki, sentensi moja, na kwa kitambo ilionekana kama Madamu ataitoa. Midomo yake ilifunguka.

"Mwongo," alisema. "Mlevi. Nilimwokota jalalani."

"Mimi nilikuwepo." Sauti ilitoka nyuma ya meza ya rangi, ndogo, iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika mbele ya Madamu. Kucha alikuwa ameshikilia brashi hewani, na rangi nyekundu ilimdondokea gotini. "Nilikuwa mlangoni pale. Aliirusha. Kisha akaniambia niikote niifute, mteja anasubiri."

Mke wa askari alisimama wa kwanza. Akachukua mkoba wake, akasita, akachukua na kipande cha keki, upande wa jicho. Wengine wakafuata. Yule wa nusu kichwa alijifungua kitambaa cha saluni shingoni akatoka nacho mkononi, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama kama zimesikia habari.

"Bado hujanimaliza," Madamu alimwambia Vidole, taratibu, maputo yakigongana juu yake. "Twende tuone sasa nani atakuchoma hizo sindano."

"Hukusema," alijibu Vidole. Hilo tu ndilo lililomuuma. Watu wote walijua, na Madamu bado hakuwa amesema.

*

Sindano zilikoma. Daktari alikuwa radhi kupunguza bei, na bei iliyopunguzwa ilikuwa bado inamtazama Mama kwa mbali kama ndege ya angani. Vidole alibandika silikoni mpaka zikaisha gundi. Mwanzoni mstari ulitulia. Kisha asubuhi moja alipokuwa akinawa, kidole kikakwama mahali ambapo jana kilipita.

Alikuwa anasuka uani kwao sasa, chini ya bati, mashati ya Mama yakiwa yametundikwa juu ya vichwa vya wateja. Wateja walimfuata wenyewe. Baadhi walifuata mikono yake na wengine walifuata hadithi, na wote walilipa sawa. Kucha aliweka kiti chake pembeni na chupa zake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kovu lilikuwa linaota. Likiwasha, Vidole alikaza mikono kwenye nywele, na wateja wakadhani ndiyo staili.

Madamu alikuja mchana, jua likiwa kali, bila nguo inayong'aa. Wateja watatu walikuwepo, na mmoja wao alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti ya Vidole. Mama alileta kiti. Safari hii Madamu alikikalia bila kukifuta.

"Nimefunga kona," alisema. "Na mwezi huu nikifunga na saluni usishangae. Wanapita mlangoni wanacheka. Watoto wao wananirushia vitana." Aliangalia taya ya Vidole, akaangalia pembeni haraka. "Limeanza."

"Limeanza."

"Sindano zote zilizobaki, nitazilipia leo. Nikitoka hapa naenda kliniki. Wewe uje Jumamosi moja tu, ukae benchi, useme ulikuwa na hasira, ulitia chumvi. Hutasema uongo. Si ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa nayo. Ninayo." Vidole aligawa nywele kwa ncha ya kitana. "Kwanza wewe useme."

"Niseme nini, na wewe unajua?"

"Mimi najua. Mama yangu hajawahi kukusikia."

Madamu alitazama wateja. Wateja, kwa adabu kubwa, walitazama mashati. Jasho lilimtoka chini ya nywele za bandia.

"Ni mimi niliyerusha," alisema.

"Sauti."

"Ni mimi niliyerusha pasi."

"Kwa nini?"

"Sasa hayo ya kwa nini—"

"Kwa nini?"

Kucha aliacha kupaka. Mama alikuwa amesimama na kibanio cha nguo mdomoni. Madamu alivuta pumzi, na alipoongea sauti yake ilikuwa imepoteza kicheko cha wateja, ikawa ya mwanamke wa kawaida mwenye miaka mingi ya kusimama.

"Yule mteja wa draya. Kabla hajakaa alisema... alisema siku hizi akija anakuomba wewe. Kwamba mimi mkono wangu umechoka. Alisema huku anajitazama kwenye kioo changu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo."

Mteja aliyeinama alitamani sana kuinua kichwa, lakini Vidole alikuwa amekishika.

"Basi Jumamosi utakuja," alisema Madamu.

"Siji. Na sitasema nilitia chumvi. Wakiniuliza nitasema ulivyosema sasa, mpaka na draya. Sindano zilipie."

Madamu alicheka kidogo, kwa mshangao wa kweli. "Sasa mimi nitakuwa nalipia nini?"

"Shavu. Kwani ulidhani unalipia nini?"

Madamu alisubiri, akidhani kuna sentensi nyingine. Haikuwepo. Aliinuka, akakusanya mkoba, akampa Mama kwaheri ambayo Mama hakuipokea kwa sababu ya kibanio. Ilionekana wazi kwa kila mtu, kuanzia kisogo chake, kwamba hakuwa anaelekea kliniki.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na pampu mkononi. "Mdogo wangu," alisema, "ungechukua sindano kwanza. Hasira tungekuundia nyingine, hapa nyumbani haziishi."

"Umepata nini sasa?" aliuliza Mama. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anatazama taya ya binti yake, na alikuwa amechoka.

"Nimemsikia, Mama."

"Basi umemsamehe?"

"Aa. Nimemsikia tu."

Taya ilikuwa inawasha tangu Madamu alipokaa kitini, kuwasha kwa kuchoma, kwa kutafuna, na Vidole hakuwa ameigusa. Alingoja mpaka aliposikia viatu vimevuka mfereji na kupotelea barabarani. Ndipo alipokiweka kitana pajani, akafumba macho, akajikuna taratibu, kwa raha, kuanzia sikioni kuteremka. Kisha akakisukuma chini kichwa cha mteja.

"Inama," alisema. "Bado upande mmoja."